Malalamiko: chumba cha chini ya ardhi mlichokiziba kikiwa kibichi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: UNYEVU, UKUNGU NA LUGHA YA MSIMAMIZI WENU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo naomba barua hii usiirudishe kwenye dawati la huduma kwa wateja. Huko nimepiga simu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nimeambiwa "tunalifanyia kazi". Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawasomea.

Chumba kile nilikiandaa kwa ajili ya baba yangu. Ngazi haziwezi tena, na kwa kuwa nyumba yetu iko kwenye mteremko, chumba cha chini kina mlango wake unaotokea nje bila ngazi hata moja. Sikuwaomba stoo iliyopakwa rangi. Niliomba chumba ambacho mzee akiingia asahau kwamba yuko chini ya ardhi: kuta zisizotoa baridi, taa zisizoacha kona gizani, sakafu ya kukanyaga pekupeku.

Wiki sita baada ya kunikabidhi funguo, msimamizi wenu alikuja kukagua. Akaingia na viatu. Akakanyaga zulia karibu na kitanda, maji yakachuruzika pande zote za soli. Baba alikuwa amekaa pale pale kitandani. Msimamizi wenu akamtazama, akasema: "Labda mzee alikosa njia ya choo usiku." Akacheka, na mafundi wawili aliokuja nao wakacheka.

Mkurugenzi, yale yalikuwa maji ya zege. Na mlijua.

Mlijua kwa sababu kabla hamjaziba ukuta niliwaonyesha ule unga mweupe uliokuwa umechanua kwenye ukuta wa upande wa mlima. Ile ni chumvi. Maji yakipenya zege huibeba, yakikauka huiacha juu. Watu wenu waliupiga brashi, wakaendelea. Fundi wenu mmoja, kijana ambaye sitamtaja asije akapoteza kazi, alitaka kubandika kipande cha nailoni sakafuni, kizibwe kwa gundi pande zote nne na kuachwa siku moja au mbili. Matone yakitokea chini ya nailoni, unyevu unatoka kwenye zege. Yakitokea juu, unatoka hewani. Jaribio la kipande cha nailoni! Akaambiwa ratiba hairuhusu.

Jumamosi iliyopita nilifungua ukuta mwenyewe, upana wa mlango mmoja. Sufi ya kioo, ile ya kuzuia baridi, mmeigandamiza moja kwa moja kwenye zege, na juu yake mkaweka nailoni, kwa hiyo unyevu wa ukuta hauna pa kutokea. Hewa ya chumbani nayo inapenya kwenye matobo ya soketi, inakutana na zege baridi huko nyuma, unyevu wake unageuka maji. Mbao ya chini ya fremu nimeichoma kwa bisibisi, ikazama kama kwenye sabuni. Jipsamu mmeishusha hadi ikagusa sakafu, badala ya kuiacha juu walau kwa upana wa kidole, na imefyonza maji hadi usawa wa goti. Nyuma yake ni nyeusi tii kwa ukungu. Mkataba wenyewe uliandika bodi za povu gumu, zigandishwe kwenye zege, maungio yazibwe, ndipo fremu isimame mbele yake. Sijaona hata bodi moja.

Halafu nje. Mlinitoza "ukaguzi wa mifereji na mteremko". Bomba la maji ya paa bado linamwaga chini ya ukuta ule ule, na udongo pale umelalia nyumba. Kila mvua inayonyesha inaelekezwa kwenye chumba cha baba yangu.

Narudi kwa msimamizi wenu kwa sababu siwezi kumpita. Alikanyaga zulia, akaona maji, akajua yametoka wapi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akachagua kumsingizia mzee wa miaka themanini na moja kwamba amejikojolea chumbani mwake, mbele ya mwanawe na mbele ya vijana anaoweza kuwaita wajukuu. Baba hakujibu. Alivuta fimbo yake karibu, akaiweka juu ya magoti, akatazama ukuta. Tangu siku hiyo hanywi maji jua likishazama. Nikimpelekea glasi anasema ameshiba. Analala sebuleni juu, kwenye kochi, na kumpandisha huko ngazini ni kazi ya watu wawili.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaomba mbomoe na kurudia kazi kwa gharama zenu ndani ya siku kumi na nne. Nimesoma nilichoandika na nimebadili nia. Watu wenu sitaki tena waguse ukuta wangu. Nataka mnirudishie fedha zote, si awamu ya mwisho peke yake, pamoja na gharama ya kubomoa, kukausha, zulia na godoro. Nataka hivyo ndani ya siku saba tangu mnapopokea barua hii.

Na nataka msimamizi yule aje, wewe ukiwa naye, avue viatu mlangoni, amwambie baba yangu kwa kinywa chake kwamba maji yale yalikuwa ya zege na kwamba alijua. Simu haitoshi, na barua ya idara haitoshi. Hili la pili likikosekana, hata mkirudisha kila senti sitanyamaza.

Picha ninazo za kabla ya kuziba na za baada ya kufungua. Kipande cha jipsamu chenye ukungu na kipande cha ile mbao nimevifunga kwenye nailoni, nimeandika tarehe juu yake. Siku ya nane asubuhi vitakuwa mezani kwa wakili, na nakala ya barua hii itakuwa kwa mamlaka inayowapa leseni.

Nasubiri.

Wako,
Mteja wenu, mtoto wa mzee mliyemcheka