Magari si maji

Paris, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo na wanao? Huku sisi wazima, mtoto kikohozi kimemwachia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Lile neno lako kwamba magari ni kama maji, ukiyaziba huku yanatokea kule, limenikaa kichwani wiki nzima.

Nami niliamini hivyo mwaka 2016, Meya Anne Hidalgo alipofungia magari barabara ya ukingo wa kulia wa mto Seine, kilomita 3.3. Ndio mwaka uleule mlioanza kupanda mabasi ya mwendokasi huko Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro. Wakati huo gari la kazini lilikuwa linatukusanya wafagizi sita saa kumi na moja jioni, linashuka hadi mtoni na kutufikisha maofisini upande wa Bastille. Walipofunga, tulihamia barabara ya juu, na huko foleni ilitutesa. Tukichelewa dakika ishirini tunakatwa mshahara. Nililia, shoga, sikufichi. Wenye madirisha yanayotazama barabara ile ya juu walilalamikia kelele za usiku, na mwaka 2018 mahakama ikabatilisha amri ya kufunga. Jiji likaandika amri nyingine, na magari hayakurudi.

Lakini sikiliza yaliyotukuta sisi. Tajiri alichoka kulipia mafuta ya kukaa foleni, akaliondoa lile gari. Tukaanza kupanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 1, inayopita karibu sambamba na mto kutoka Champs-Élysées hadi Bastille. Mwenzetu mmoja akanunua baiskeli. Dereva naye alipangiwa kupeleka sabuni na mashine mara moja kwa wiki, alfajiri. Sasa niambie, lile gari letu la kila jioni lilitokea wapi? Halikutokea popote. Maji hayana akili ya kubadili saa wala kuunganisha safari mbili ziwe moja, mtu anayo.

Mwaka 1998 watafiti Sally Cairns, Carmen Hass-Klau na Phil Goodwin walikusanya mifano ya barabara zilizofungwa au kupunguzwa katika nchi mbalimbali. Mara nyingi waliona sehemu ya magari haionekani tena, hata kwenye mitaa ya jirani. Na hapa Paris, utafiti uliotolewa 2024 ulikuta kwamba katika safari 100 za ndani ya jiji, kama 11 ni za baiskeli na 4 tu za gari. Zilizobaki, nyingi ni za miguu na treni.

Usidhani nasema Barabara ya Samora hapo Dar ifungwe kesho. Mimi niliokolewa na treni inayokuja kila baada ya dakika chache. Bila ile, ningekatwa mshahara mpaka leo, na ningekuwa upande wako. Hilo ndilo linaloniuma ninaposikia watu wakibishana kuhusu magari tu: anayefungiwa njia lazima awe na kitu cha kupanda, na kiwepo kabla ya kizuizi.

Leo nimempeleka mtoto pale mtoni. Amekimbia katikati ya lami ileile niliyolilia, mimi nimekaa ukutani na chupa yangu ya chai, wala sikumwita arudi.

Nijibu upesi. Mwendokasi wa asubuhi unapata nafasi Magomeni, au bado unapita umejaa na kukuacha kituoni?

Wako akupendaye,
Rehema