Barua kwa binamu yangu Kisumu: tafadhali usiyasugue hayo majani

Binamu,

Yale majani ulinitumia na matatu yalifika Nakuru salama, shukran sana, najua ulijisumbua na jua lile lenu. Lakini uliyaosha ukayasugua na kitambaa mpaka yakatakata, na roho iliniuma manake kitu natafuta hakiko ndani ya jani, kiko juu yake.

Unakumbuka kile kichaka chenye majani yanang'aa kama yamepakwa vanishi, ukishika vidole vinanata, mbuzi wetu walikuwa wanakipita tu hata kiangazi? Kinaitwa Psiadia punctulata, kiko familia moja na alizeti. Huo unato umejaa flavonoidi na diterpeni, yaani kemikali za mimea, mmea wenyewe unazitoa unajipaka nje. Sasa kuzipata hausagi jani, unalichovya bichi kwa asetoni muda mfupi tu unatoa, asetoni inabaki na vitu vya juu. Halafu unaweka tone kwa sahani ya silika, yaani kibao kilichopakwa unga mwembamba, unaisimamisha kwa kimiminika kidogo, tone linapanda nacho polepole likijigawa, ukimulika na taa ya UV madoa yanajitokeza moja moja, na hapo kwa kweli naweza kukaa nikiangalia tu bila kuongea na mtu.

Shida ni hii familia ina vichaka ndugu vinafanana mpaka unachoka, na vingine vinachanganya mbegu vyenyewe kwa vyenyewe, kama Encelia za majangwa ya Marekani na Mexico. Ukitumia jani na ua pekee kuvitofautisha unakwama, ndio maana nataka hayo madoa. Mtafiti wa mimea Eckhard Wollenweber kule Darmstadt, Ujerumani, alikaa miaka na miaka kwa hizi flavonoidi za juu ya majani. Madoa yakilingana unashuku undugu wa karibu, yakikataa unarudi kwa maua upya. Lakini sikudanganyi ati yanatosha, mimea isiyo na undugu inaweza kutengeneza kemikali moja, jani changa nalo si sawa na lililozeeka, kwa hivyo DNA pia lazima.

Ukienda tena ushago chuma tawi zima na maua yake, shika kwa shina, funga kwa gazeti sio nailoni yasiote ukungu, na uandike mahali na tarehe. Mimi Jumamosi napanda Menengai kutafuta leleshwa, nayo ni ya familia hii ingawa maua yake ni kama pamba tu. Nitakuwekea tawi moja unuse vile linanukia kafuri.