Kuvizia penye mparuo wa kulungu dume

Mhariri,

Kwa misimu mitatu huku Marekani nimekaa juu ya mti nikivizia mahali ambapo kulungu dume wa mkia mweupe huparua ardhi chini ya tawi linaloning'inia, kisha hupakojolea. Asubuhi nakuta udongo umechimbuliwa upya, mwenyewe simwoni! Wengi hupitia usiku. Tena msimu wa kupandana ukipamba moto mwezi Novemba, dume huacha hayo yote akamfuata jike.

Basi wanaosema kuvizia penye mparuo ni kupoteza muda wana haki, lakini nusu tu. Mwishoni mwa Oktoba bado navizia, ila nasogea hatua mia hivi upande upepo unakoelekea, karibu na kichaka anakolala mchana. Huko nilimwona mmoja jua halijazama. Mshale nikaukosesha, mkono ulitetemeka.

Mwindaji wa upinde