Akili unde isiachiwe kalamu ya mshauri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo limeanza kuingia katika vituo vya ushauri nasaha na vya kurekebisha waraibu bila kelele, na kwa maoni yangu bila kufikiriwa vya kutosha. Kituo ninachofanyia kazi hapa Nakuru kimeletewa programu ya akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, ambayo husikiliza kikao cha mshauri na mteja kupitia simu iliyowekwa mezani, huyageuza mazungumzo kuwa maandishi, huyafupisha, kisha huyaingiza katika faili la mteja. Aliyetuletea alituahidi kwamba kabla mteja hajafika stendi ya matatu, kumbukumbu za kikao chake zitakuwa zimekamilika.

Nakiri kwamba ahadi hiyo inavutia, na anayeicheka hajawahi kukaa upande wetu wa meza. Siku ya kawaida mimi huona watu sita au saba. Baada yao kuna fomu za SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, barua ya mwajiri anayetaka kujua kama mfanyakazi wake amepona, ripoti inayosubiriwa na afisa wa probesheni, na takwimu za kila mwezi za kaunti. Kumbukumbu za vikao huandikwa mwisho wa yote hayo, saa kumi na moja jioni, wakati kichwa kimechoka na machozi ya mteja wa asubuhi yameanza kuchanganyika na ya mteja wa adhuhuri. Baadhi ya nilizoandika saa hiyo si za kujivunia.

Wengi wakisikia akili unde ikitajwa pamoja na afya ya akili hufikiria mashine inayozungumza na mgonjwa usiku wa manane. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwaka 2023 shirika moja la Marekani linalowasaidia wenye matatizo ya ulaji lililazimika kuiondoa programu yake ya mazungumzo baada ya kulalamikiwa kwamba inawapa watu hao ushauri wa kupunguza uzito. Lakini programu inayozungumza vibaya mtu anaweza kuifunga na kuizima simu. Ninachokihofia zaidi ni faili, kwa sababu faili humfuata mtu hadi hospitali ya rufaa, hadi kwa mshauri mwingine, na wakati mwingine hadi mahakamani, likimsemea wakati yeye mwenyewe hayupo.

Kabla ya kukubali lolote tuliijaribu programu hiyo sisi kwa sisi. Hatukumrekodi mteja yeyote. Mwenzangu alijifanya mteja, mimi nikawa mshauri, naye akatumia maneno ambayo sote tumeyasikia miaka nenda miaka rudi. Katikati ya mazungumzo alisema kwa sauti ya chini, "Mimi nimechoka, nataka tu kupumzika." Mshauri aliyelelewa katika Kiswahili akisikia hivyo huweka kalamu chini. Marehemu ndiye anayepumzika. Ndivyo tunavyotangaza vifo redioni na ndivyo tunavyosema tukiwa tumesimama kando ya kaburi. Mtu anayelitamka neno hilo baada ya kusimulia madeni, ndoa iliyovunjika na mwezi mzima wa ulevi wa chang'aa huulizwa waziwazi na kwa upole kama ana mawazo ya kujitoa uhai. Programu iliandika kwamba mteja analalamikia uchovu, na chini ya mapendekezo ikaongeza kwamba ashauriwe kupata usingizi wa kutosha. Sentensi zenyewe zilikuwa nzuri kuliko zangu na hazikuwa na kosa hata moja la tahajia, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa maana mkurugenzi anayezipitia mafaili hamsini mwisho wa mwezi hatakuwa na sababu ya kusita hapo.

Mafumbo ya namna hiyo hayakuzuka bure. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ilibidi tusubiri hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi mtu aliyelisema jambo hilo waziwazi aliweza kujikuta mikononi mwa polisi badala ya daktari, ukiacha aibu ya ukoo na maneno ya kanisani, kwa hiyo watu walijifunza kulisema kwa kuzunguka, na hawatayaacha mazoea hayo kwa sababu tu jaji amesoma hukumu Nairobi. Tena si neno hilo peke yake. Mzee wa Molo akisema hajalala vizuri "tangu vita", mshauri wa hapa hujua kwamba lazima aulize kama ni vile vya kikabila vya 1992 au vya baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, kwa kuwa kila jibu lina shamba lake na msiba wake. Wenzangu walioko Kisumu hunieleza kwamba mteja huanza kwa Kiswahili, na akifika pale panapouma huhamia Dholuo; Kakamega huhamia Kiluhya. Yaani maneno mazito kuliko yote hutamkwa katika lugha ambazo mashine hizi zimefundishwa kwa uchache kuliko zote.

Kisha kuna kimya. Katika chumba cha ushauri kimya ni sehemu ya mazungumzo, na sehemu kubwa ya mafunzo yetu ilikuwa kujizuia tusikivunje. Katika jaribio letu mwenzangu alinyamaza karibu dakika nzima, akiangalia sakafu. Maandishi yalipotoka, dakika hiyo ilikuwa imejazwa: mteja alimshukuru mshauri na kusema kwamba sasa anajisikia afadhali. Hakuna aliyesema hivyo. Nilidhani simu yetu imeharibika, mpaka nilipopata kujua kwamba watafiti wa Marekani walioichunguza Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, walieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya sauti walizozipima zilitoka na maneno au sentensi nzima ambazo hazikutamkwa kamwe, na kwamba tatizo hilo liliwapata zaidi watu ambao usemi wao umeathirika na hunyamaza kwa muda mrefu kati ya maneno. Sisemi kwamba tuliyoletewa sisi ndiyo hiyo. Nasema tu kwamba asilimia 1 ni kitu kidogo kwa anayenakili mahojiano ya kocha wa soka, na kwamba wateja wangu ni watu wa kunyamaza.

Muuzaji wetu alitaja pia kwamba programu hiyo hutoa alama za kukadiria hatari aliyo nayo mteja. Tayari tunalo dodoso la maswali tisa la kupima sonona, PHQ-9, ambalo lilijaribiwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Kujumlisha huko mtoto wa darasa la tatu anakuweza. Kinachohitaji mtu mzima aliye macho ni swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, kwa sababu mtu anaweza kupata jumla ndogo kabisa na bado jibu lake la swali hilo moja likatosha kumfanya mshauri asimruhusu aondoke peke yake.

Kuhusu siri, sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa data nyeti, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake, na inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza shughuli inayoweza kuhatarisha haki za watu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nilipouliza sauti za wateja wetu zitahifadhiwa wapi, niliambiwa ni "kwenye klaudi", yaani kompyuta za mbali za mtandaoni, na muuzaji, kijana wa watu, akaonyesha dari kwa kidole. Nchini Ufini, Oktoba 2020, ilitangazwa kwamba rekodi za kituo cha tiba ya saikolojia kiitwacho Vastaamo zimeibwa, na wagonjwa wakaanza kupokea ujumbe mmoja mmoja wakitakiwa walipe, la sivyo yale waliyomwambia mtaalamu yatawekwa hadharani. Hayo yalikuwa maandishi tu; sisi tunaombwa tuweke hadi sauti. Na ingawa Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, kwa mambo ya siri bado ni kijiji, ambapo kila mtu ana shemeji anayefanya kazi katika ofisi fulani.

Jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha sheria Agosti 2025 inayokataza akili unde kutoa tiba ya kisaikolojia au kufanya maamuzi ya tiba, huku ikiwaruhusu wataalamu kuitumia katika kazi za ofisi, na ikisisitiza kwamba kikao kikirekodiwa mteja awe amearifiwa kwa maandishi na ameridhia. Mpaka huo naona umewekwa mahali pake. Acha programu ipange miadi, iwakumbushe wateja kwa ujumbe mfupi siku moja kabla, ihesabu dawa zilizobaki kabatini, iandae rasimu za barua na kujaza sehemu za fomu ambazo hazina siri. Katika kituo chetu wateja wengi hupotea baada ya kikao cha pili, na ukumbusho wa siku moja kabla ungeturudishia baadhi yao. Hapo sina ubishi.

Ugomvi wangu na wakuu wa mashirika uko kwenye saa. Mashine ikiandika, mtu lazima asome, na kusoma kumbukumbu za kikao kwa makini, ukilinganisha kila sentensi na unachokumbuka, hakuchukui muda mdogo kama wanavyodhani. Lakini katika mkutano ambao programu hiyo ilielezwa, swali la kwanza la uongozi lilikuwa kila mshauri ataweza kuongezewa wateja wangapi. Ukinipunguzia saa moja ya kuandika halafu ukanijazia saa hiyo watu wawili wapya, maana yake ni kwamba nitabonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma, kama sote tunavyokubali masharti marefu ya programu za simu. Siku ambayo yule aliyetaka "kupumzika" hatarudi, faili litaonyesha kwamba alishauriwa alale, na chini yake patakuwa na jina langu, nambari yangu ya usajili na saa niliyobonyeza. Muuzaji hatakuwepo. Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, itaniita mimi, na itakuwa na haki.

Kuna jambo jingine linalonikera, ingawa si la kituo chetu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na ya udhalilishaji wa watoto ili mashine hizi zifunzwe kuyaepuka, na baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Mtu anatamani kuuliza ni kituo gani kiliwapokea vijana hao, na nani aliandika kumbukumbu zao.

Mkataba wa programu uko mezani kwa mkurugenzi wetu na haujatiwa saini. Nimeomba viongezwe vifungu viwili. Cha kwanza ni kwamba hakuna sauti ya mteja itakayorekodiwa bila ridhaa yake ya maandishi, iliyosomwa kwake katika lugha anayoitumia anapolia, na kwamba anayekataa hatasogezwa nyuma kwenye foleni. Cha pili ni kwamba kila kumbukumbu itiwe saini na mtu aliyekuwa chumbani, naye apewe dakika kumi na tano za kuisoma kabla hajaitiwa mteja mwingine. Cha kwanza kimekubaliwa bila taabu. Kuhusu zile dakika kumi na tano, nimeambiwa bajeti bado inaangaliwa.

Mshauri nasaha,
Nakuru
(Jina limehifadhiwa)