Divisheni III ya pointi 13

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na matokeo uliyoyanakili nimeyaona: Baiolojia D, Kemia D, Fizikia E, Divisheni III ya pointi 13. Unauliza kama uombe chuo kikuu au utakuwa unatupa hela ya maombi. Omba. Ila kwanza weka pembeni hiyo 13, kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi na wala chuo hakiihesabu.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Baraza la Mitihani la Tanzania likipanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Namba ikiwa ndogo, ndio umefaulu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kinyume chake. Kwa waliomaliza Kidato cha Sita kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye E au zaidi, na jumla yake ifike 4.0. Baiolojia yako 2, Kemia 2: umefika.

Tazama jinsi divisheni inavyodanganya. Mwenye E tatu ana Divisheni III ya 15, na TCU inampa 2 tu, kwa hiyo digrii hawezi kuomba. Mwenye C, E na F naye ana III ya 15, lakini C na E zake zinatoa 4.0 na anaomba kama wewe. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia "III haiendi chuo", wala anayekwambia "III inaenda popote".

Sasa pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya TCU. Upo wa aina mbili, wa waliotoka Kidato cha Sita na wa wenye diploma. Wewe chukua ule wa kwanza, na uwe wa mwaka huu. Kila kozi imeandikiwa masomo inayotaka, pointi za chini, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Watu husoma masomo na pointi, wakaruka nafasi. Wewe zisome hizo nafasi kwa makini. Umesimama juu ya mstari wenyewe, huna ziada hata ya nusu pointi, na chuo kikipata waombaji wengi kuliko viti, kinaanzia juu. Kozi ya nafasi 300 katika chuo kisichogombaniwa sana ina matumaini kwako kuliko ya nafasi 40 katika chuo ambacho kila mtu anakitaja.

Najua moyo wako uko kwenye udaktari. Nakwambia kwa uchungu, lakini ni lazima nikwambie: kwa njia ya Kidato cha Sita hautapita. Wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, jumla 6. Wewe jumla yako ni 5 na Fizikia ni E. Mfumo unavuta matokeo kwa namba yako ya mtihani, kwa hiyo hela ya maombi hayo usiitoe. Elekeza macho kwenye ualimu wa sayansi kwa Baiolojia na Kemia, na kozi za kilimo, mifugo na misitu zinazokubali masomo hayo mawili. Angalia pia kama kozi inadai Hisabati ya Kidato cha Nne. Sharti hilo huwa limejificha mwishoni mwa maelezo.

Maombi yanakwenda moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo kina ada yake. Vingi ni shilingi 10,000. Vyuo vitatu vinatosha. Ukienda steshenari kujaziwa, sisitiza iwekwe namba yako ya simu na barua pepe yako, nenosiri uandike mwenyewe kwenye daftari. Wapo wanaojaziwa barua pepe ya mwenye duka, halafu wakichaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha kimoja inakwenda kwa mtu mwingine na tarehe inapita. Ukikosa awamu ya kwanza, usikate tamaa: subiri orodha ya kozi zenye nafasi zilizobaki, uombe tena.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, uanze nao leo, usingoje kuchaguliwa. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na hapo ndipo siku zinapoliwa. Ada ya maombi ni 30,000. Namba ya mtihani wa Kidato cha Nne utakayojaza iwe ile ile uliyoombea chuo. Ukiwa na mitihani miwili ukachanganya namba, maombi yako ya chuo na ya mkopo hayataonana. Ukishaajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mkopo huo upige hesabu kama deni.

Na kama kutibu watu ndiko unakokutaka kweli, basi fikiria diploma ya utabibu, miaka mitatu. Inaangalia Kidato cha Nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, ya 3.0 unaweza kuomba udaktari kwa mlango wa wenye diploma. Ila mlango huo unarudi kuuliza D ya Hisabati na ya Kiingereza za Kidato cha Nne, ambazo wakati wa kuingia diploma hazikukuzuia. Wengi hugundua hilo baada ya miaka mitatu. Tangu 2023/2024 HESLB inakopesha na diploma za fani za kipaumbele, afya ikiwemo.

Mimi ningekuwa na uchaguzi huo, ningetanguliza diploma kama zile D mbili za Kidato cha Nne zipo, na ualimu wa sayansi kama hazipo. Kwa hiyo nitumie matokeo yako ya Kidato cha Nne, nione Hisabati na Kiingereza, kabla hujalipia chuo chochote.

Nisalimie wazazi na wote hapo nyumbani.

Wako,
Rafiki yako