Roma na kigari cha mtoto: tazameni magurudumu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wazazi wanaojiandaa kwenda Roma na watoto wachanga, hasa wanaokwenda kuhiji na parokia zao. Ushauri unaozagaa hapa Dar es Salaam ni wa aina mbili: acha kigari nyumbani, au nunua Kariakoo kile chepesi cha bei rahisi, kikifa hukohuko ukiache. Wa kwanza humchosha mzazi, wa pili humuumiza mtoto.

Mitaa na viwanja vingi vya katikati ya Roma vimetandazwa sampietrini, vijiwe vyeusi vya volkano vyenye upana wa sentimita 12 hivi. Vimepangwa juu ya mchanga kama pevingi zetu, ila uso wake umevimba kidogo na nafasi kati ya kijiwe na kijiwe ni pana. Magari yakipita miaka na miaka, vingine huzama na vingine huinuka. Gurudumu dogo la plastiki huangukia kwenye nafasi hizo. Yale ya mbele yanayozunguka hugeuka ubavu, kigari husimama ghafla na mtoto husukumwa mbele. Kwa hiyo mfungeni mikanda ya mabegani na ya kiunoni, hata kama amelala.

Chagueni magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, ya mpira mzito au ya upepo. Ya upepo humeza mtikisiko vizuri zaidi, lakini msiyajaze yakawa magumu: ukibonyeza kwa dole gumba, yabonyee kidogo. Bebeni pampu ndogo na tyubu moja ya akiba. Mkiingia kwenye vijiwe, fungeni kufuli ya magurudumu ya mbele yabaki yameelekea mbele. Jioni kazeni nati zote, maana mtikisiko wa kutwa huzilegeza, na nati ya ekseli ikidondoka ni vigumu kupata ya saizi yake. Mvua ikinyesha vijiwe huteleza, basi breki ijaribiwe kabla ya kushuka mteremko.

Kigari kipana nacho ni mzigo. Mitaa ya Trastevere ina njia nyembamba za miguu, na pikipiki huegeshwa humohumo. Sentimita 60 zinatosha.

Pamoja na kigari, chukueni mbeleko. Si vituo vyote vya treni ya chini ya ardhi vyenye lifti, na kubeba kigari chenye mtoto ndani kwenye ngazi ni hatari: mtoto mgongoni kwanza, ndipo kigari kikunjwe. Kwenye magofu ya Foro Romano mawe ya kale ni makubwa na yamepishana, huko hata gurudumu zuri hushindwa. Kuba la Basilika la Mtakatifu Petro lina ngazi 551. Ukipanda lifti bado zinabaki 320, tena nyembamba na zilizoinama. Kwa maoni yetu mwenye mtoto mchanga asipande. Ndani ya basilika kwenyewe sakafu ni laini na kigari hutembea bila taabu. Kanga hiyohiyo ya mbeleko itawasitiri mabega mlangoni, kwani wenye mabega na magoti wazi huzuiwa.

Kosa moja linatutia hofu kuliko yote: kufunika kigari kwa kanga wakati wa jua kali la Julai na Agosti. Hewa hukwama ndani na joto hupanda haraka. Tumieni mwavuli wa kubana kwenye mpini, upepo upite. Maji ya kunywa ni bure kwenye nasoni, mabomba ya chuma yaliyoenea mjini. Zibeni mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kupitia kitundu cha juu. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye mara nyingi zaidi, asipewe maji hayo.

Uwanja wa ndege, ulizeni kaunta mapema kama kigari kitarudishwa mlangoni mwa ndege mnapobadilisha, au mtakiona Roma tu. Jibu likiwa Roma tu, mbeleko isiingie kwenye sanduku.

Waandaaji wa safari za mahujaji,
Upanga, Dar es Salaam