Mwanangu, washa hilo jiko

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila habari zako tumezipata kwa dada yako badala ya kuzipata kwako, na ndiyo sababu naandika leo bila kungoja mwisho wa mwezi. Amesema mlipimwa kazini, presha yako ikaonekana imepanda, daktari akakutaka urudi upimwe tena, upunguze chumvi na hivyo vyakula vya kununua. Hukutaka tujue. Haya, mtu mzima ana siri zake. Lakini presha humfichi baba ambaye naye anameza vidonge vyake kila asubuhi. Umeshapima tena? Nijibu hilo kabla ya yote.

Na usiniambie kwamba hujisikii vibaya. Presha haipigi hodi. Wengi hukaa nayo miaka bila kuumwa hata kichwa, wakaja kushtuka figo au moyo umeshaguswa. Kujisikia vizuri si jibu la swali nililouliza.

Dada yako ameongeza kwamba jiko lako unaliwekea makaratasi. Kila jioni chakula kinakuja ndani ya boksi, na ukiulizwa unasema huna muda. Hapo sikubaliani nawe. Muda wa kusubiri boksi unao, muda wa kumpigia simu mleta boksi aliyepotea njia nao unao. Wewe unaogopa. Wala si aibu, maana mtu hawezi kuyajua mambo ya mahali alipokuwa akifukuzwa. Kwamba mvulana hana kazi jikoni, maneno hayo yalisemwa ndani ya nyumba hii na aliyeyasema unamjua. Tuyaache.

Ninachoshangaa ni kwamba wewe ni yule yule unayefungua kompyuta ya mtu, ukaitandaza vipande vipande mezani, na ukairudisha ikawaka. Majirani mpaka leo wananiuliza yule fundi wako yuko wapi. Najifanya sijali, lakini nafurahi. Sasa fundi huyo ashindwe na kitunguu?

Habari za mguu wa mama yako na nani aliingia jikoni wakati ule unazijua, sizirudii. Usichokijua ni jinsi alivyonifundisha. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mguu juu ya kiti, akakataa katakata kunipa vipimo. Nikimuuliza chumvi kiasi gani, ananiambia onja. Maji je? Tazama. Nilikasirika sana, nikaona ananikomoa. Baadaye ndipo nikaelewa alikuwa ananipa kitu ambacho kile kitabu chako cha mapishi chenye picha hakikupi. Kitabu hakijui moto wa jiko lako ni mkali kiasi gani, wala nyanya zako zina maji kiasi gani. Unayejua ni wewe uliyesimama pale na kijiko mkononi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Chagua chakula kimoja, ukipike wiki hii, wiki ijayo ukipike tena, mpaka mkono wako ukijue. Usianze na vile vya kwenye video vyenye viungo kumi na tano, halafu kikiharibika useme kupika si kazi yako. Anza na dengu. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa nusu saa au chini yake, zina protini na nyuzinyuzi, na ni vigumu mno kuziharibu. Hata mimi sikuziharibu.

Kazi yote iko kwenye kitunguu. Kikate vipande vidogo, mafuta vijiko viwili, moto wa wastani. Mwanzoni utaona hakuna kinachoendelea: kinatoa maji, kinalainika, kinang'aa. Hapo ndipo waoga huongeza moto. Usiongeze. Maji yakiwa bado yamo, kitunguu hakiwezi kuwa na joto la kukibadilisha rangi, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100. Yakishakauka utasikia mlio wa mafuta umebadilika, umekuwa mkavu zaidi, na kingo za vile vipande zitaanza kuwa za kahawia. Harufu nayo itakwambia. Tia kitunguu saumu na tangawizi, geuza kidogo tu maana kitunguu saumu huungua upesi na kikiungua ni kichungu, kisha nyanya. Ziache nyanya zipondeke kabisa mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ndipo dengu ulizozichambua na kuziosha ziingie, na maji yazifunike yapite juu kwa vidole viwili hivi. Zikichemka, punguza moto. Mboga za majani zitie mwishoni kabisa, dakika chache tu, zisije zikapoteza rangi na vitamini zote majini.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa chakula chote cha kutwa, pamoja na mkate, soseji na michuzi ya chupa. Nyingi ya chumvi unayokula sasa hukuitia wewe, imetiwa kabla chakula hakijakufikia, na ndiyo maana kuacha kunyunyizia mezani peke yake hakutakusaidia. Ukipika mwenyewe unakuwa wewe ndiye mwenye kijiko. Tia kidogo mwanzoni, onja, na nyingine kidogo mwishoni kama inahitajika. Kabla ya kuongeza chumvi jaribu ndimu. Mara nyingi chakula unachodhani kimepungukiwa chumvi kimekosa uchachu tu. Na vile vipande vya supu vya kwenye karatasi, ni chumvi kwa sehemu kubwa. Usije ukanieleza umepika mwenyewe kumbe umetia vitatu.

Siku za mwanzo utaona chakula hakina ladha. Vumilia, ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Mimi sasa nikila hivyo vya kununua naona kama nimemeza maji ya bahari, na mama yako anasema najidai.

Chumvi ikizidi, ongeza dengu au maji au mboga, chakula kiwe kingi. Habari ya kutia kiazi ili kinyonye chumvi isahau, kiazi kinanyonya mchuzi wote, chumvi na maji yake, hakichagui. Chakula kikishika chini usikwangue. Hamisha cha juu kwenye sufuria nyingine polepole, ukiache kilichoungua palepale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Utaunguza, nakwambia kabisa kwamba utaunguza, na utakula hivyo hivyo usiku ule bila kuagiza boksi.

Hivi umepima? Dada yako alisema daktari alikupa siku, hakuwa na uhakika ni ipi. Kama imeshapita nenda kesho. Na akikupa dawa, meza. Dengu si dawa, na mimi sikuandiki ili uache hospitali.

Kuna mambo machache ambayo usiyafanyie majaribio. Maharage mekundu yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya na uyachemshe kwa moto mkali si chini ya dakika kumi kabla ya kupunguza. Yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu itakayokutapisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Ukiona taabu nunua ya kopo, hayo yameshapikwa. Yasuuze tu, chumvi yake itapungua. Nyanya zisubiri mpaka maharage yalainike, ukali wake huyachelewesha. Kuku usimwoshe chini ya bomba. Maji yanaruka na vijidudu vyake mpaka kwenye sahani safi, na moto ndio unaoviua, si maji. Hapa mama yako, aliyesimama nyuma yangu akisoma, amecheka. Ameosha kuku maisha yake yote na anasema hajaona mtu aliyekufa. Mimi nakwambia usimwoshe, na ubao uliomkatia usikatie kachumbari.

Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa kifuniko, ondoka. Maji kamwe! Moto utaruka mpaka darini. Ila hayatafika huko kama hutawasha kikaango ukaenda kujibu simu. Nakujua.

Kisu kiwe kikali. Watu wanadhani kisu butu ni salama, kumbe hicho ndicho kinachoteleza kwenye ganda la nyanya kikaja kidoleni, kwa sababu unakikandamiza. Kunja ncha za vidole vya mkono ulioshika kitunguu, na chini ya ubao weka kitambaa chenye unyevu usihamehame. Mwendo wa haraka haraka unaouona kwa wapishi achana nao, hakuna anayekutazama.

Muda ulioutaja nimeufikiria pia, maana najua unarudi umechoka. Usipike kila siku. Pika siku mbili kwa wiki, pika nyingi, kiporo kikusaidie siku zinazofuata. Ila chakula kisilale mezani. Kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vidogo kipoe upesi, kisha kwenye friji. Kuanzia nyuzi 5 hadi 60 ndipo vijidudu huzaana, na meza yako iko katikati ya hapo. Wali hasa. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata ukichemka, na wali ukikaa nje usiku kucha huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kiporo cha friji ukile ndani ya siku mbili tatu, na ukikipasha kipashe mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Ukirudi usiku ukute dengu zako zipo, hutamkumbuka mtu wa boksi.

Na siku ambazo hata kupasha moto hutaki, yai. Mayai mawili, nyanya, mboga yoyote iliyobaki, dakika tano. Hicho nacho ni chakula cha kupika nyumbani, usisubiri karamu ndipo ujiite mpishi. Matunda weka mezani mahali unapoyaona, si ndani ya droo ya chini ya friji ambako yanaozea. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mimi siku nyingine sifikishi, lakini mimi ni mzee.

Kuna siku utapika na kitatoka kizuri, na hutakuwa na wa kumwonjesha. Hiyo niliiona nami wakati mama yako alipokuwa amelazwa. Pika hata hivyo. Au mwite yule rafiki yako mnayefanya kazi pamoja, naye dada yako anasema anaishi kwa maboksi. Mgawane kazi, mmoja akate mmoja akaange. Woga hupungua mkiwa wawili, na akikosea yeye utajisikia vizuri, nasema kweli.

Sijafurahi kwamba tuliambiwa na dada yako. Nimeshasema, sisemi tena. Angalau amefanya la maana, na usimgombeze.

Huku paa la nyuma limeanza kuvuja tena pale pale alipoziba fundi yule wa mwaka jana, aliyetuhakikishia tutasahau kama lilivuja. Nimeweka ndoo. Mjomba wako anakuja wiki ijayo, atalala chumbani kwako, kwa hiyo vile vitabu vyako nimevihamishia kabatini na nimevifunika vumbi lisiingie. Anauliza ile baiskeli kama bado unaitaka au amchukulie mwanawe. Mimi nimemwambia angoje jibu lako, ila magurudumu yameshakwisha upepo kabisa na sidhani kama utairudia.

Mama yako ameifunga ile sufuria nzito, yenye kitako kinene ambacho hakiunguzi ovyo, na dada yako atakuja nayo mwisho wa wiki. Ndani kuna kilo moja ya dengu na kisu changu kidogo, nimeshakinoa, usikishike kwa makali unapofungua. Kitambaa kilichofungia ni cha kitanda cha wageni, mama yako anakitaka kirudi kabla mjomba wako hajafika, kwa hiyo kimpe dada yako siku hiyo hiyo. Na yeye dada yako hali pilipili siku hizi, tumbo linamsumbua, basi ukimpikia usitie.

Baba yako